Pua na Kome Wanane

Mtambo wa maji ulikuwa na wafanyakazi thelathini na wawili. Thelathini na mmoja walijulikana kwa kazi zao: fundi pampu, mlinzi wa geti, dada wa stoo, bosi meneja. Mmoja tu alijulikana kwa kiungo cha mwili. Huyo alikuwa Pua, na ukimtazama hungeona sababu, maana pua yenyewe ilikuwa fupi, ya kawaida kabisa, imekaa katikati ya uso kama za watu wengine. Ukubwa wake ulikuwa ndani. Na habari zake hakuna anayezijua kunishinda mimi. Anayebisha anyooshe mkono, kisha aushushe taratibu.

Jina hilo alilipata kwa haki. Alianza kazi kwenye machujio, kukwangua mchanga uliochafuka na kutandaza mwingine, matope hadi magotini, kwa sababu yeye na shule waliachana wakiwa bado hawajazoeana. Asubuhi moja, mwaka wake wa tatu, aliinua kichwa katikati ya kazi akasema, "Kuna dizeli." Wenzake wakamcheka. Fundi pampu akamwambia akanywe chai, njaa inamsumbua. Robo saa baadaye utando wa mafuta ulikuja unaelea mtoni, unang'aa rangi zote. Lori lilikuwa limepinduka darajani, mbali huko juu. Kicheko kikakatika.

Meneja wa wakati ule akamtoa mchangani, akampa koti jeupe, chupa yenye mdomo mpana, jiko dogo la umeme na daftari. Kazi yake ilikuwa hii: kila baada ya saa mbili ateke maji ya mto nusu chupa, ayapashe moto kidogo, afunike, atikise, afunue, anuse. Kisha aandike neno moja, Sawa au Si sawa. Akiandika Si sawa, lango la kuingizia maji linafungwa, na mji mzima unakunywa maji ya tangi la akiba, ambayo hutosha saa sita. Hebu fikiria. Wahandisi wenye vyeti vya kujaza ukuta walisimama kimya, wanamsubiri mtu avute pumzi. Mtu gani asingevimba kichwa? Mimi mwenyewe ningepasuka.

Na nyumbani pua hiyo ilitunzwa kama mgonjwa. Kitunguu hakikukaangwa asubuhi. Sabuni ya harufu haikuvuka kizingiti. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea chumba cha mbele, alikuwa na chupa ya marashi aliyozawadiwa siku ya harusi, na chupa hiyo ilikaa sandukuni miaka kumi na tisa haijafunguliwa. Watoto walikua wakinuka maji matupu. Kila alfajiri, kabla ya salamu nyingine yoyote, mke aliuliza, "Pua imeamkaje?" Mume alivuta hewa, akafumba macho kama anayesikiliza habari za mbali, akajibu, "Imeamka vizuri, mama watoto." Ndipo siku ilipoanza.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi shemeji yake alipoajiriwa.

Shemeji huyu alikuwa binti, mdogo wa mwisho wa mkewe. Alikulia humo humo nyumbani kwa Pua, akisomea kwenye meza ya kukatia vitambaa, na Pua ndiye aliyembebea begi siku ya kwanza ya shule. Akaenda kusomea viumbe wa majini, akarudi na cheti, akapewa maabara ya mtambo. Pua alizunguka idara zote akitangaza, "Mnamwona yule? Mkono wangu huo." Alijisifu miezi mitano mizima. Mwezi wa sita, shemeji akaingia chumba cha pampu, alikonusia Pua, amebeba kapu lililofunikwa kitambaa kibichi.

Pua akafunua, akakuta kome wanane wa mtoni, weusi, kila mmoja saizi ya kiganja cha mtoto.

"Shemeji, umetuletea mboga?"

"Nimekuletea wafanyakazi wenzako."

Pua alicheka sana. Alicheka mpaka aliposikia maelezo. Kome, alisema shemeji, hushinda amefunua magamba yake, anavuta maji, anachuja chakula chake, anayaachia yaende. Maji yakiwa na kitu kibaya, anafunga. Hana mahali pa kukimbilia, kwa hiyo anajifungia ndani. "Mto ukiwa mzima, watakuwa wazi. Mto ukiumwa, watafunga kabla wewe na mimi hatujajua lolote. Wao ndio wanaoishi humo, shemeji. Sisi ni wapita njia."

Akamwonyesha. Kome wangekaa humo humo chumbani, kwenye hori la kioo, maji ya mto yakipita juu yao mchana na usiku. Kila mmoja angegundishwa waya mwembamba kwenye gamba, na waya ungeingia kwenye kompyuta. Kwenye skrini ingeonekana mistari minane: ukiwa juu, kome yuko wazi, ukishuka, amefunga. Watano wakifunga pamoja kwa dakika mbili, kengele inalia na lango linafungwa.

"Na pua?" aliuliza Pua, kama mtu anayeulizia koti lake.

"Pua inabaki. Kuna sumu zenye harufu, hizo ni zako. Zisizo na harufu ni zao."

Maneno ya heshima kabisa hayo, yenye haki kwa pande zote mbili. Lakini Pua alisikia neno moja tu, lile la mwisho.

Wivu wa mtu kwa mtu nimeuona wa kila aina: wa wake wenza, wa majirani, wa waimbaji wawili kwenye kwaya moja. Wivu wa mtu kwa kome niliuona kwa Pua peke yake, na nakuambia, ulikuwa mkali kuliko ule wa wake wenza, kwa sababu mke mwenza unaweza kumsuta akakujibu. Kome unamsuta, naye anaendelea kula.

Wageni walipokuja kutembelea mtambo, zamani waliletwa kwanza kwa Pua. Alitikisa chupa, akafumba macho, wakapiga makofi. Sasa walipitishwa mbele ya meza yake kwa haraka, bosi akisema, "Huyu ni mzee wetu wa harufu, karibuni huku sasa muone maajabu." Wafanyakazi wakawapa kome majina ya utani. Yule aliyefungafunga bila sababu wakamwita Mkurugenzi. Aliyefunua magamba kwa upana kuliko wote wakamwita Mdomo. Dada wa stoo, ambaye hajawahi kumletea Pua hata glasi ya maji, akawa anapita asubuhi kuwaamkia. Kuwaamkia! "Hamjambo humo ndani?"

"Hawana hata pua," Pua alimlalamikia mlinzi wa geti. "Hawana macho, hawana kichwa. Kitu hakina kichwa, kinawezaje kunizidi akili?"

"Labda ndiyo maana hawaumwi na kichwa kama wewe," akajibu mlinzi.

Nyumbani ndiko kulikomuumiza zaidi. Alfajiri moja aliketi kitandani akisubiri swali lake. Mke akajinyoosha, akapiga mwayo, akasema, "Hivi wale kome wameamkaje?" Pua akavaa viatu bila soksi, akaondoka. Na Jumamosi yake, aliporudi kazini, mlango wa nyumba yake mwenyewe ulimpiga usoni kwa harufu ya waridi na kitu kitamu kama asali. Mke alikuwa kwenye cherehani, ananukia mpaka uzi.

"Nini hicho?"

"Marashi ya harusi yangu."

"Mama watoto! Na kazi yangu?"

"Si siku hizi kuna kome?" alisema mke, bila ubaya wowote, akiendelea kukanyaga cherehani. "Nikafikiri umepumzika, baba watoto. Nikasema na mimi ninukie kidogo kabla sijazeeka."

Hakulala vizuri mtu yule.

Sasa sikiliza jinsi alivyoteleza. Ya kwanza ilikuwa bahati mbaya kweli. Chini ya hori la kome kulikuwa na mtaro wa mabomba uliofunikwa kwa bati zito la chuma, na siku hiyo Pua alikuwa anapita na spana kubwa ya fundi pampu. Ikamponyoka. Ikatua kwenye bati: gwaaa! Akageuka kuangalia skrini, akakuta mistari yote minane imeanguka kama nguo zilizokatikiwa kamba. Dakika mbili, kengele ikalia. Lango likafungwa. Shemeji akapima maji kwa kila dawa aliyokuwa nayo maabara, hakupata kitu.

Pua alikuwa amefungua mdomo aseme habari ya spana. Wallahi alikuwa amefungua. Lakini bosi akatangulia: "Kumbe na hawa hukosea! Pua, wewe ulinusa nini?"

"Sawa, bosi. Ilikuwa sawa tangu mwanzo."

"Unaona?" bosi akamwambia shemeji. "Ya kale ni dhahabu."

Utamu ulioingia kifuani mwa Pua saa ile ulizidi chai ya maziwa. Akaufunga mdomo, neno likabaki ndani.

Ya pili, siku nane baadaye, hapakuwa na spana. Palikuwa na buti. Alisimama kando ya hori, akatazama huku na huku, akainua mguu wa kulia, akaushusha kwenye bati kwa uzito wake wote, mara moja, mara mbili, akiendelea kila kome alipotaka kufunua. Ya tatu aliifanya Alhamisi, wageni wakiwa mtamboni. Kengele ikalia mbele ya wageni, mji ukafungiwa maji ya mto bure, na bosi akatokwa jasho la aibu. Siku hiyo akatoa amri mbili. Kwanza, hakuna kufunga lango kwa kengele ya kome bila kumpigia simu yeye. Pili, akamwambia shemeji, Pua akiwa nje ya mlango na masikio wima: "Kengele ya uongo moja tena, kome wanarudi mtoni na wewe unatafuta pa kwenda."

Jioni ile shemeji alikuja kwa dada yake. Hakula. Alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani, vidole vyake vina gundi iliyokauka.

"Sijui nimekosea wapi," alisema. "Nimefikiri ni joto. Nimefikiri ni waya. Gundi nimeibadilisha mara mbili." Kisha akamgeukia Pua. "Shemeji, wewe ndiye unashinda nao. Hujaona kitu chochote?"

Mke naye akasimamisha cherehani, akamtazama.

"Mimi?" alisema Pua. "Mimi ni pua tu. Kuona ni kazi ya wengine."

Akainuka, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Siku ya tukio lenyewe ilikuwa Jumanne, saa moja asubuhi, jua limeshaingia dirishani. Pua alikuwa peke yake chumba cha pampu. Fundi alikuwa uani anapaka pampu ya pili grisi, na shemeji alikuwa bado njiani. Alipasha maji, akatikisa, akanusa. Safi. Majani, tope, ubaridi, mto kama mto. Akaandika Sawa, akaketi.

Mstari wa Mdomo ukashuka.

Ukafuata wa tatu, wa sita, wa nne. Mkurugenzi akafunga, lakini huyo hakuhesabiwa sana. Ikawa saba wamefunga, na wa nane akawa anashuka polepole kama mtu anayefunga duka. Kengele ikalia.

Pua akaitazama miguu yake. Yote miwili ilikuwa chini ya kiti, imetulia. Akaangalia sakafu: hakuna spana. Akachungulia uani: fundi yuko na kopo lake la grisi, pampu imezimwa. Akateka maji mengine, akayapasha, akanusa. Sawa. Akanusa tena kwa tundu moja, kisha kwa jingine. Sawa, sawa. Pua ilikuwa inasema kweli yake, kome nao wanasema yao.

Akampigia bosi, kama amri ilivyotaka.

"Ni hao konokono tena?" sauti ya bosi ilikuwa bado na usingizi.

"Ni kome, bosi."

"Vyovyote. Yule binti leo ataniona. Wewe umenusa?"

"Nimenusa mara nne."

"Unasemaje?"

Hapo sasa. Miezi mingi alikaa akimeza mate, akitaka mtu mmoja tu mwenye cheo aliulize swali hilo mbele ya kome wale. Na jibu lenyewe halikuhitaji hata uongo. Aseme tu Sawa, ukweli mtupu wa pua yake, na kabla ya chai ya saa nne kome watakuwa wamerudishwa mtoni, hori limekauka, wageni wanamiminika kwake. Lakini kitu kimoja kilimzuia. Mji mzima uliamini kwamba kome hufunga ovyo. Bosi aliamini, shemeji mwenyewe alishaanza kuamini. Mtu mmoja tu duniani alijua kwamba hawajawahi kufunga wote pamoja bila sababu hata siku moja, na mtu huyo ndiye aliyeshika simu.

"Pua inasema sawa," alisema.

"Basi acha lango..."

"Lakini tufunge, bosi."

"Kwa nini tena?"

"Kwa sababu leo sijakanyaga."

Kengele inalia tu.

"Hujakanyaga nini?"

"Bosi, niruhusu nifunge kwanza. Utanitukana nikimaliza." Na hakusubiri ruhusa. Aliiacha simu mezani ikiwa bado inauliza, akakimbilia gurudumu la lango. Gurudumu lile lilihitaji mizunguko arobaini na mbili, watu wawili kwa desturi. Alilizungusha peke yake, koti jeupe likapasuka kwapani, akipiga kelele kumwita fundi, na fundi alipofika ilikuwa imebaki mizunguko mitano.

Shemeji alikuja mbio, mkoba begani bado. Hakumsalimia mtu. Akateka maji chupa sita, akajifungia maabara. Majibu yalitoka kabla ya saa tano: dawa ya kuulia wadudu wa mashamba. Ghala moja huko juu lilikuwa limebomoka ukuta, mapipa yakamwagikia kijito kinachoingia mtoni. Dawa ile haikuwa na rangi wala harufu, na nyingi ilipita mbele ya lango lililofungwa, ikaenda zake. Mji haukujua lolote. Walioga, wakapika, wakalalamika kuhusu mambo mengine.

Mchana, shemeji alimkuta Pua ameketi kwenye ngazi za machujio. Habari ya mguu ilikuwa imeshazunguka mtambo mzima, maana bosi hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Zote tatu?" aliuliza.

"Ya kwanza ilikuwa spana. Ilianguka yenyewe, shemeji, nakuapia."

"Na mbili?"

"Mbili hapakuanguka kitu. Nilikusudia."

Shemeji alikuwa anajibandua gundi kidoleni. "Nilibadilisha gundi mara mbili," alisema.

"Najua."

"Ulikuwa unaniona nabadilisha."

"Nilikushikia taa," alisema Pua.

Shemeji akageuka, akaondoka, bila tusi wala kilio. Afadhali angemtukana.

Adhabu ilikuja kwa barua. Daftari lilichukuliwa, koti jeupe likarudishwa stoo na tundu lake la kwapani, na Pua akarudi kwenye mchanga kwa miezi sita. Wenzake, ambao huruma hawakuzaliwa nayo, wakaanza kumwita Mguu kabla hata barua haijakauka wino. Nyumbani mke alimtengea chakula, akakaa mbele yake, ananukia waridi kutoka utosini hadi kisiginoni.

"Miaka kumi na tisa nimeishi bila harufu kwa ajili ya pua yako," alisema. "Kumbe cha kuchungwa kilikuwa mguu. Kula, kitapoa."

Wivu, usidhani ulimtoka. Alipokuwa akikwangua mchanga, upepo ukitoka upande wa chumba cha pampu, alikuwa akisikia wageni wanapiga makofi humo ndani, na koleo lake likawa linauma mchanga kwa nguvu zaidi. Aliwachukia kome wale kwa moyo wake wote. Tofauti ni kwamba sasa alijua wanasema kweli, na hilo linachosha, kumchukia msema kweli.

Wiki ya tatu shemeji akaja ukingoni mwa chujio, akasimama juu yake. Tangu siku ile ya ngazi walikuwa hawajaongea zaidi ya salamu.

"Toka humo. Nawa miguu. Njoo."

Chumba cha pampu kilikuwa kimebadilika. Hori lilikuwa limeinuliwa, chini yake kumewekwa mpira mnene wa gurudumu la trekta, tabaka tatu. Kome wote wanane walikuwa wazi, mistari iko juu, imetulia.

"Nataka kujua kama mpira unatosha," alisema shemeji, amekaa mbele ya skrini na kalamu. "Hakuna anayejua kuwatisha kukushinda. Ulikuwa unakanyaga wapi?"

Pua akaonyesha kwa kidole.

"Kanyaga."

Akakanyaga, kidogo, kwa haya. Mistari haikusogea.

"Hivyo ndivyo ulivyokanyaga siku ya wageni?"

"Siyo."

"Basi kanyaga kama siku ya wageni."

Akainua mguu, akaushusha. Bati likalia hadi vioo vya dirisha vikatetemeka. Fundi pampu akatokea mlangoni. Dada wa stoo akaja nyuma yake. Mistari minane, juu. Pua akatazama skrini, na moyoni, Mungu amsamehe, alitamani angalau mmoja ashtuke. Akaruka kwa miguu yote miwili, mtu mzima wa miaka hamsini kasoro, tope la mchanga likiruka naye. Akaruka tena. Watu mlangoni wakaanza kuhesabu kwa sauti.

Mstari mmoja ukacheza.

"Huyo!" Pua alipiga kelele, anahema, kidole kimenyooka. "Huyo ameshtuka! Mmemwona?"

Shemeji alisogea karibu na skrini, akatazama, akaandika kitu.

"Huyo anakula," alisema. "Ruka tena, shemeji."